Ampea Kumi za Usiku

Fundi umeme anayeijua kazi yake hafiki na drili mkononi. Anafika na klampu mita, daftari na kalamu, na siku ya kwanza hatoboi ukuta hata mahali pamoja. Mwenye nyumba aliyezoea kuipima kazi kwa vumbi lake huanza kunung'unika kwamba anapotezewa muda. Mimi nasema siku hiyo ndiyo kazi yenyewe. Katika ufundi wote unaoingia majumbani mwetu miaka hii, sijaona unaodai utulivu wa akili kama huu wa kufunga chaja ya gari la umeme kwenye nyumba ambayo umeme wake ni wa kuhesabu.

Nyumba ninayoizungumzia iko Tabata, Dar es Salaam. Umeme wake ni wa njia moja, meni swichi ni ya ampea 60, na mita ya LUKU, ile ya kulipia kabla, iko ukutani barazani. Ampea 60 kwa volti 230 ni wati 13,800, hakuna zaidi. Ndani mna viyoyozi viwili, friji, friza, pampu ya kisima, hita ya bafuni inayochemsha maji papo kwa papo, birika, pasi, na jiko la umeme ambalo huwashwa gesi ikiisha. Sasa uani limeingia Nissan Leaf, limetoka Japani likiwa limeshatumika, na mama mwenye nyumba anataka alichaji nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Mbona mikono mitupu? Chaja yenyewe iko wapi?"

"Chaja itakuja, mama. Leo nataka kwanza nijue nyumba inakula kiasi gani. Naomba mniwashie vyote kama mnavyowasha jioni."

Fundi akafungua mfuniko wa DB, lile sanduku la breka, akaupitisha waya mkuu wa moto katikati ya taya za klampu mita, akaanza kuita namba huku kijana wake akiandika. Taa, runinga na feni, ampea 2. Friji na friza, 3. Pampu, 5. Viyoyozi viwili baada ya kutulia, 11. Birika, 9. Hita ya bafuni, 15. Jumla 45, na hapo pasi na jiko havijaguswa. Ukibandika juu yake chaja ya ampea 32, ile inayosifiwa sana na wauzaji, unafika 77. Hata ya ampea 16 inakufikisha 61. Fundi wa haraka angefunga daftari hapo hapo na kumwambia mama aombe umeme wa njia tatu kwa shirika la umeme, TANESCO.

Huyu hakufunga daftari. Alijua kwamba mzigo wa dakika si mzigo wa saa. Birika linachemka dakika chache likazima. Hita inafanya kazi mtu akiwa anaoga. Pampu inajaza tangi na kunyamaza. Gari ndilo pekee katika nyumba nzima linaloweza kuvuta umeme saa sita mfululizo bila kupumua, na ndilo pekee lisilojali linavuta saa ngapi, mradi asubuhi liwe tayari. Kwa hiyo aliacha kifaa kidogo cha kurekodi ndani ya DB, akaaga, akarudi wiki iliyofuata. Mchoro uliotoka ulionyesha mlima mmoja mkali kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku, kisha mteremko, kisha kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri uwanda mrefu ambao nyumba ilikuwa inatumia ampea 8 tu. Viyoyozi vilikuwa vinapumzika kwa zamu, friji ikiwaka na kuzima.

Aliuonyesha ule uwanda kwa ncha ya kalamu, akapiga hesabu. Ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300. Kwa saa 6 ni uniti 13 na kitu. Toa kinachopotea njiani kwenye kuchaji, betri inabaki na uniti kama 12, na Leaf kwa mwendo wa mjini hupata kilomita 6 hadi 7 kwa uniti moja. Hizo ni zaidi ya kilomita 70 kila usiku. Mama anakwenda Kariakoo dukani na kurudi, siku nyingine anapitia Mbagala kwa dada yake, na hafikishi kilomita 40. Umeme uliodhaniwa hautoshi ulikuwa unabaki. Tena Leaf za mwanzo zilizouzwa Japani, chaja yao ya ndani inapokea kama kilowati 3 hivi, kwa hiyo hata angefungiwa sanduku la ampea 32, zaidi ya nusu ya uwezo huo ingebaki pambo ukutani.

Kuna kipimo kingine alichofanya ambacho mafundi wengi hukiruka, nami ndicho kilichonivuta zaidi. Alizima kila kitu akasoma volti: 228. Akawasha hita na birika, ampea 24 kwa pamoja, akasoma tena: 221. Volti 7 zimepotea. Akazigawa kwa 24, akapata karibu omu 0.3. Huo ndio ukinzani wa nyaya zote kutoka transfoma ya mtaa hadi pale barazani na kurudi, ameupata bila kupanda nguzo wala kugusa lakiri ya TANESCO. Alirudia mara kadhaa, kwa sababu jirani naye anaweza kuwasha pasi katikati ya kipimo akaharibu hesabu. Sasa akajua mambo mawili. Chaja ya ampea 32 ingeshusha umeme wa nyumba kwa volti 9 au 10 kila inapowaka. Ya ampea 10 ingeshusha volti 3. Na kwa kuwa saa 2 usiku mtaa ule huwa umeshashuka wenyewe hadi volti 209, ampea 32 saa hiyo zingeipeleka nyumba chini ya 200, mahali ambapo kompresa za friji huanza kuguna na kuungua polepole. Omu sehemu tatu ya kumi, na hatima ya friji za nyumba imejulikana. Hesabu ya kidato cha pili, lakini ni wangapi wanaosimama kuifanya?

Hapa inafaa kueleza sanduku la ukutani hufanya nini, maana wengi hudhani hilo ndilo chaja. Chaja yenyewe imo ndani ya gari. Ndiyo inayougeuza umeme wa nyumbani kuwa umeme wa betri. Sanduku ni swichi inayojua kuzungumza. Kupitia waya mmoja mwembamba ndani ya kebo, hulipelekea gari mapigo 1,000 kila sekunde, yanayopanda volti 12 juu ya sifuri na kushuka volti 12 chini yake. Gari likichomekwa huivuta ile 12 ya juu hadi 9. Likiwa tayari kupokea umeme huivuta hadi 6, na hapo ndipo kontakta ndani ya sanduku hujifunga. Ukisimama karibu unaisikia ikigonga. Kiasi cha umeme hutajwa kwa muda ambao pigo hukaa juu. Likikaa juu asilimia 10 ya wakati, gari huelewa lisivute zaidi ya ampea 6. Asilimia 50 ni ampea 30. Chukua asilimia, zidisha kwa 0.6, umepata ampea. Utaratibu huu umo katika viwango vya kimataifa, IEC 61851, na ndiyo maana gari la Japani na sanduku lililotengenezwa China huelewana uani Tabata bila mkalimani.

Fundi anayeujua mwenendo huo ana uhuru mkubwa. Halazimiki kuipanua nyumba ili gari litosheke. Analiambia gari lijibane. Tena anaweza kuliambia upya kila sekunde chache. Kwenye waya mkuu wa moto, kabla haujagawanyika kwenda kwenye breka, alifunga pete ndogo ya sumaku inayoukumbatia waya kama bangili na kusoma ampea zinazopita, bila kuukata wala kuuchubua. Pete hupeleka habari kwenye sanduku. Aliliwekea sanduku kikomo cha ampea 50 kwa nyumba nzima, si 60, ili meni swichi isiishi ukingoni, na kikomo cha ampea 16 kwa gari. Usiku mwingi litavuta 10, ndivyo alivyolipangia. Lakini mtu akiamka saa 8 usiku akaoga maji ya moto, akawasha birika, pampu na viyoyozi vyote vikaitika, sanduku linapunguza muda wa mapigo, na gari kwa kanuni lina sekunde 5 za kutii. Nafasi ikibanwa mpaka hata ampea 6 hazipatikani, sanduku hukata na kusubiri, kisha linaanza tena lenyewe. Aliyelala hajui kitu.

Pete hiyo ina adabu zake. Lazima ikumbatie waya wa moto peke yake. Ukiipitisha moto na nyutro pamoja, umeme unaokwenda na unaorudi hufutana, pete inasoma sifuri, na sanduku litaamini kwamba nyumba imelala huku hita, pasi na jiko vinawaka. Ina mshale ubavuni unaotakiwa kuelekea upande wa mzigo. Na midomo yake miwili ikibanwa huku chembe ya vumbi imo katikati, inasoma pungufu. Nilimwona akiifungua, akaipuliza, akaifuta kwa kitambaa, akaibana, akasikiliza mlio wake wa kujifunga, kisha akalinganisha namba ya sanduku na ya klampu mita yake. Zilipishana sehemu ndogo ya ampea. Akaandika zote mbili.

Nyuma ya kifuniko cha DB ndiko heshima yangu inakozidi, kwa kuwa huko hakuna atakayetazama. Joto kwenye kiungo huongezeka kwa mraba wa ampea. Skrubu iliyolegea ikazaa ukinzani wa omu 0.1 tu, kwa ampea 16 inatoa joto la wati 25 kwenye nukta ndogo kuliko ukucha. Kwa ampea 32 ni wati 100. Hita ya bafuni ingekisamehe kiungo hicho kwa sababu inazimwa mapema. Gari halisamehi, linakipasha usiku kucha. Hii ndiyo hukumu ya ile njia ya mkato inayoonekana mitaani, ya kukata plagi ya Kijapani kwenye kebo iliyokuja na gari, kufunga plagi ya kawaida ya ampea 13 na kuichomeka kwenye soketi ya sebuleni. Soketi ile haikutengenezwa kwa kazi ya namna hiyo kila usiku. Plastiki huanza kugeuka rangi ya chai, kisha inanuka, na harufu hiyo ikitoka saa 9 usiku watu wanakuwa wamelala.

Kwa hiyo alivuta laini mpya kutoka kwenye DB hadi uani, waya wa shaba wa milimita za mraba 6, wenye breka yake peke yake. Kwa mita 25 na ampea 16, waya wa 2.5 ungepoteza volti 7. Huu wa 6 unapoteza kama 3. Kabla ya kuuvuta alikata ncha ya roli aliyonunua Kariakoo, akazikwangua nyuzi kwa wembe kuona kama ndani ni nyeupe, kwa sababu kuna waya unaouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Ulikuwa mwekundu hadi katikati. Kila ncha aliivika kofia ya shaba na kuibana kwa koleo lake, uzi mmoja usitoke nje. Halafu akatoa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, inayogeuka bure mkono unapofikia kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa breka. Mafundi wengi hujivunia mkono wao, na mkono wa mzoefu kweli unajua mengi. Ila mkono uliochoka saa 10 jioni haukazi kama wa asubuhi, na skrubu iliyokazwa kupita kiasi hukata nyuzi kama vile iliyolegea inavyoziunguza. Nikampenda kwa kuliamini chombo kuliko sifa.

Eathi ilimchukua nusu siku. Ardhi ya Dar es Salaam sehemu nyingi ni kichanga, na kichanga kikikauka hakipitishi umeme vizuri. Alikataa kutegemea rodi ya zamani iliyozungukwa na saruji. Alipigilia mpya upande wa bomba la maji machafu, mahali ambapo udongo hauishiwi unyevu hata Januari, akapima kwa vigingi viwili vya majaribio vilivyochomekwa mbali, akaongeza rodi ya pili, akapima tena. Na aliikagua RCD, ile breka inayokata umeme ukivuja, kwa sababu gari linaweza kuvujisha umeme wa betri, na RCD ya aina ya zamani hupofuka mbele ya uvujaji wa namna hiyo. Alihakikisha sanduku lenyewe lina kinga ya kukata uvujaji huo ukifika milliampea 6, kisha akafunga nyuma yake RCD ya aina A ya milliampea 30. Alibonyeza kitufe cha majaribio, ikaruka. Akaipima kwa kifaa chake pia, maana kitufe hakisemi inaruka kwa kasi gani.

Wapo watakaosema yote haya ni shida ya nchi zenye umeme haba. Lakini Italia, nyumba nyingi zina mkataba wa kilowati 3 tu, pungufu sana ya ile nyumba ya Tabata, na watu wanachaji magari yao kwa utaratibu huu huu wa kujibana; mwaka 2021 mdhibiti wa nishati wa huko aliruhusu nyumba zenye vifaa vilivyoidhinishwa kutumia hadi kilowati 6 hivi nyakati za usiku bila kuongezewa gharama ya mkataba. Uingereza nako mafundi hukutana na fyuzi za ampea 60 kwenye nyumba za zamani kila wiki.

Kwetu, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Umeme wa kuchaji magari upo. Kinachobana ni mita mia chache za mwisho za waya. Chukua transfoma ya mtaa ya kVA 200. Magari 27 yakianza kuchaji kwa ampea 32 saa 1 usiku, yameimaliza peke yake, hata kabla taa ya kwanza haijawashwa. Magari hayo hayo kwa ampea 10 kuanzia saa 6 usiku hayafiki theluthi ya uwezo wake, tena wakati mtaa umelala. Kwa hiyo fundi anayemwekea mama mmoja ampea 10 anawalinda pia majirani ambao hawatajua aliwahi kufika.

Sisemi njia tatu haihitajiki kamwe. Mwenye teksi mbili za umeme zinazolala kwa muda wa saa 4 tu, au mwenye gari la betri kubwa anayekwenda Morogoro na kurudi kila siku, hesabu itamkatalia, na fundi mwaminifu atamwonyesha hiyo hesabu na kumpeleka TANESCO akiwa na karatasi mkononi. Ninachosifu ni kwamba anafika kwenye jibu hilo kwa kupima.

Kazi ilipokwisha, fundi aliacha gari lichaji saa nzima kwa kikomo cha ampea 16, kisha akafungua tena DB na kupitisha kipimajoto kwenye kila kiungo alichokigusa na kwenye vya zamani vilivyo jirani. Kimoja cha zamani, cha nyutro, kilikuwa na joto kuliko wenzake. Hakikuwa chake. Alizima meni, akakitoa, akaikata ncha iliyoungua, akaivika kofia mpya, akakaza kwa kipimo, akawasha na kusubiri tena. Kisha akabandika ndani ya mlango wa DB karatasi yenye tarehe, ampea za kila laini, volti alizosoma, omu za eathi na vikomo alivyoweka, ili fundi atakayekuja baada yake, yeyote yule, asianze gizani.

Zamu yako ya kumwita fundi kwa kazi hii ikifika, mwombe akuonyeshe leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, kisha mwulize atapima nini kabla ya kutoboa. Akikujibu kwa namba, mpe hiyo wiki anayoiomba, na siku za kupima mlipe sawasawa na siku za kufunga. Na akikuandikia ampea 10, usimshurutishe akupe 32.